Dokta, rotwaila wangu nimkate mkia au nimwache nao? Maswali yenu ya mifugo, Dodoma na jirani

SWALI: Shikamoo dokta. Mimi ni msomaji wenu wa hapa Nzuguni, mbwa wangu jike rotwaila amezaa watoto saba juzi usiku, wote wazima na mama yao ananyonyesha vizuri tu. Sasa kuna kijana wa duka la dawa za mifugo kaniambia niwapeleke ndani ya siku tano awakate mikia, eti wakipitisha hapo itakuwa shida, alafu kuna wateja wawili washaweka oda nao wanataka wasio na mkia maana wanasema mwenye mkia sio original, ni chotara. Mama watoto hataki hata kusikia, anasema nataka kutesa viumbe vya Mungu. Nimebaki katikati na siku zenyewe zinakimbia. Nishauri. (Mfugaji, Nzuguni)

JIBU: Marahaba kaka, na hongera sana kwa watoto saba. Msikilize mama watoto. Usiwapeleke popote, waache walale na mama yao na mikia yao.

Naanza na hao wateja maana naona ndio wanaokuumiza kichwa. Rotwaila asili yake ni Ujerumani, jina lenyewe limetoka kwenye mji wa Rottweil, alikuwa mbwa wa kuswaga ng'ombe na kuvuta mikokoteni ya wauza nyama. Sasa huko huko Ujerumani kukata mkia wa mbwa kwa ajili ya muonekano kumepigwa marufuku kwa sheria tangu 1998, kwahiyo rotwaila anayezaliwa kwao leo, mwenye vyeti vyote na ukoo unaojulikana mpaka kwa babu wa babu, ana mkia mrefu kabisa. Kumbe ukienda kwa hiyo hoja ya uoriginali, mwenye mkia ndiye original! Picha hizi watu wanazoziona kwenye simu za rotwaila mwenye kakipande kidogo nyuma nyingi ni za Marekani, ambako bado inaruhusiwa na klabu kubwa ya mbwa ya kule bado inaandika kwenye viwango vyake kwamba mkia ukatwe, ingawa chama cha madaktari wa wanyama cha huko huko Marekani kinapinga jambo hilo wazi wazi tangu 2008. Uingereza nao walishazuia 2007, wakabakiza mbwa wachache wa kazi. Na hao wanaosema wanaleta boeboeli, wale mbwa wakubwa wa ulinzi, kutoka Afrika Kusini, huko baraza la madaktari wa mifugo liliwakataza madaktari wake kukata mikia kwa urembo tangu 2008. Mweleze mteja wako hivyo, mtumie na picha ya rotwaila wa Ujerumani wa siku hizi aone mwenyewe. Kama bado hataki, mrudishie hela yake ya oda kwa amani, watoto saba wa rotwaila kwa Dodoma hii ya sasa hivi yenye nyumba mpya kila kona kuanzia Nzuguni mpaka Ihumwa hawawezi kukosa watu.

Sasa nikwambie kinachofanyika hasa, maana wengi wanaosema "nikatie" hawajawahi kusimama pale wakaangalia. Mtoto wa siku tatu macho bado yamefumba, masikio pia hayajafunguka, anachojua duniani ni joto la mama na harufu ya maziwa. Anachukuliwa, anashikwa mkononi tumbo juu, mkia unabanwa, alafu unakatwa kwa mkasi au wembe, mara nyingi bila ganzi yoyote. Wengine wanafunga raba kama ile ya kuhasia mbuzi, damu isipite, kipande kikauke na kudondoka chenyewe baada ya siku kadhaa. Na kinachokatwa sio nywele wala kucha, mkia ni mwendelezo wa uti wa mgongo, una pingili za mifupa, misuli, mishipa ya damu na neva mpaka kwenye ncha. Mtoto analia sauti moja kali ambayo ukiisikia unaijua, anajinyonganyonga mkononi. Alafu anarudishwa kwa mama ananyonya, na hapo ndipo kijana wa duka anakwambia "umeona, hajasikia kitu".

Hilo la kwamba hawasikii maumivu kwa sababu ni wadogo nalisikia kila siku na linaniudhi kwelikweli. Neva za maumivu zinafanya kazi tangu siku anayozaliwa. Kilichokuwa hakijakomaa ni ule uwezo wa ubongo wa kuyapunguza maumivu yenyewe, kwahiyo mdogo anaweza kuwa anaumia zaidi ya mkubwa, sio pungufu. Australia watafiti walishawahi kukaa wakaangalia watoto 50 wa mbwa wakikatwa mikia, wakiwemo rotwaila na dobamani, na wote walilia na kujitutumua. Kunyonya baada ya pale ni kujiliwaza, hata mtoto wa binadamu akichomwa sindano ya chanjo kliniki mama anamweka kwenye ziwa ananyamaza, hakuna anayesema sindano haikumuuma.

Na haiishii siku hiyo. Wengine kidonda kinaingia uchafu, na vumbi la huku tunalijua, wengine neva iliyokatwa inaota vibaya kwenye kovu inafanya kinundu kinachouma miaka, unamkuta mbwa mkubwa anageuka geuka kujilamba pale nyuma au anang'aka mtoto akimgusa kiuno, na mwenye mbwa anasema mbwa wangu mkorofi.

Halafu fikiria anachokosa. Mkia kwa mbwa ndio mdomo wake. Anapomuona mtu anayempenda, anapoogopa, anapotaka ugomvi na anapoomba yaishe, yote anayasema kwa mkia. Kuna watafiti Canada walitengeneza mbwa wa bandia anayeendeshwa kwa rimoti wakambadilishia mikia, mirefu na mifupi, inayotikisika na iliyotulia, wakakaa wanaangalia mbwa wa kweli wanavyomsogelea. Mkia mrefu ukitikisika mbwa wakubwa walisogea kwa amani kuliko ukiwa umesimama tuli, lakini mkia mfupi utikisike usitikisike hawakuonyesha tofauti, yaani ujumbe haukufika. Na Italia wengine wakagundua kitu cha ajabu zaidi, mbwa akimuona mwenye wake mkia unatikisika ukielemea kulia, akimuona mbwa mgeni mbabe unaelemea kushoto. Umeona mambo yaliyomo humo ndani? Sisi tunakata kwa wembe.

Watu wengine wanatetea kwamba bora akatwe mdogo asije akaumia mkia ukubwani. Uingereza walipiga hesabu kwa mbwa zaidi ya laki moja waliopita kwenye zahanati za wanyama, wakakuta ili umuokoe mbwa mmoja asiumie mkia itabidi ukate mbwa kama 500. Haina maana.

Kwa hapa kwetu tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inakataza kumpa mnyama mateso yasiyo ya lazima, na upasuaji wa mnyama ni kazi ya daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari, sio kijana wa dukani hata kama ana mkono mwepesi. Hela uliyotaka kumpa yeye nunulia dawa ya minyoo, watoto waanze wakifika wiki mbili pamoja na mama yao, na weka akiba ya chanjo. Mama mpe maji mengi na chakula cha kutosha, watoto saba wanamkamua sana.

SWALI: Habari dokta, nakaa Ipagala na wanangu wawili, mume yuko safarini muda mwingi. Tuliibiwa mwaka huu nikaamua kufuga mbwa, sasa jirani ambaye anafanya kazi ya ulinzi ananiambia nimkate mkia NA masikio ndio atakuwa mkali, mbwa mwenye mkia anacheza tu na wezi. Mbwa wangu ni wa kienyeji ana miezi miwili. Ni kweli? (Dada wa Ipagala)

JIBU: Pole sana dada kwa kuibiwa. Hapana, sio kweli hata kidogo, na miezi miwili kumkata mkia sasa ni kumfanyia ukatili mkubwa kabisa maana mfupa umeshakomaa zaidi.

Ukali hauko kwenye mkia. Jemani shepadi ambaye ndiye mbwa wa polisi anayeogopwa kuliko wote hakatwi mkia wala masikio, tangu zamani. Mbwa aliyekatwa hawi mlinzi, anakuwa mbwa aliyeumizwa na watu, na mbwa anayeogopa watu anang'ata hovyo, anang'ata mtoto wako kabla hajamng'ata mwizi. Hao dobamani mnaowaona kwenye filamu masikio yamesimama kama pembe, yamekatwa yakafungwa na bandeji wiki kadhaa ili yasimame, na Ujerumani alikotokea dobamani masikio yalishakatazwa kukatwa tangu 1987.

Mlinzi mzuri anatengenezwa sasa hivi, kwenye umri huo huo alionao. Kuanzia wiki ya tatu mpaka kama ya kumi na mbili hivi ndio mtoto wa mbwa anajifunza nani ni wa kwao na nini ni cha kawaida. Wanao wamlishe wao, wampe jina, wacheze naye bila kumpiga mateke wala kumvuta. Azoee sauti ya bodaboda getini, mtu wa maji, mama anayepita na karai la samaki. Usiku alale mahali anapoweza kuona geti. Mbwa wa kienyeji ana masikio mepesi ajabu, akijua hapa ni kwake na hawa ni watu wake atabweka kwa kila asiyemjua, na kubweka ndio kunamfukuza mwizi, mwizi hasubiri kuona mkia.

Tena wewe mwenye watoto ndio unauhitaji huo mkia kuliko mtu yeyote. Wafundishe wanao kuusoma. Ukiwa umelegea unatikisika na kiuno chote, huyo kafurahi. Ukiingizwa katikati ya miguu, anaogopa, msimsogelee. Na hapa ndipo watu wazima wengi wanapokosea: ukiwa umesimama juu, mkakamavu, unatikisika ncha tu haraka haraka huku mwili umekaza, hiyo sio furaha, huyo yuko tayari, watoto warudi ndani taratibu bila kukimbia. Mbwa asiye na mkia hiyo taarifa yote hampati, mnastukia tu meno.

SWALI: Mkuu mimi mfugaji Bahi, nina ng'ombe na kondoo na mbwa wanne wa kuchungia. Fisi ashawahi kumkamata mmoja mkiani, alafu miiba ya huku nayo mkia unarudi umejaa damu. Wazee wetu walikuwa wanakata ncha. Na mbona kondoo wa wazungu wanakatwa mikia hamsemi kitu? (Bahi)

JIBU: Mkuu, swali lako ni la mtu wa kazini, nalijibu kwa heshima yake.

Hata huko Ulaya mbwa wa kazi ndio waliobaki kwenye mjadala. Uskochi walizuia mikia yote 2007, alafu 2017 wakalegeza kwa spanieli na aina fulani za mbwa wa kuwindia kwa sababu wale kazi yao ni kuingia kwenye vichaka vizito siku nzima huku wanapiga mikia kwenye miiba, lakini ikawekwa kwamba lazima akate daktari, mtoto awe hajazidi siku tano, na isizidi theluthi ya mwisho ya mkia. Kwahiyo hoja yako haijatoka hewani. Ila mbwa wako wa Bahi kazi yake ni tofauti, yeye anatembea na kundi, anazunguka pembeni, analala chini ya mti mchana anakesha usiku kwenye zizi. Mkia wake wa kujikunja mgongoni tayari uko juu ya miiba. Na anauhitaji akikata kona ghafla mbele ya fisi, ndio unaomsawazisha asianguke. Fisi aliyekosa mkia atashika mguu au paja, na hapo hutampata mbwa tena. Usiku wa Juni na Julai ule upepo wa Bahi ukianza, mwangalie anavyolala, anajikunja duara anafunika pua kwa mkia. Mimi kwako ningesema usikate. Jioni wakirudi wapitie mkono mkiani, toa miiba, kidonda kioshe kwa maji yenye chumvi na pulizia ile dawa ya bluu, basi.

Kuhusu kondoo, wale wa sufu ndefu wa Australia na kwingineko wanaharisha inagandia kwenye sufu ya nyuma, nzi wanataga, funza wanamla kondoo akiwa hai, ndio maana wanakata, na hata huko wanabishana siku hizi na kusisitiza ganzi. Kondoo wako wa Bahi ana nywele fupi na mkia wa mafuta, nani akakate mafuta yale kabla ya sikukuu?

SWALI: Dokta, babu yetu huku Mpwapwa alikuwa anasema ndani ya mkia wa mbwa kuna kinyoo, usipokata ndio kinapanda kichwani mbwa anapata kichaa. Kuna ukweli? (Mwalimu, Mpwapwa)

JIBU: Mwalimu, babu hakuwa peke yake, Warumi wa kale miaka kama elfu mbili iliyopita waliamini hivyo hivyo kwamba ukiondoa ncha ya mkia wa mtoto wa mbwa umemkinga na kichaa, na imani hiyo ikatembea karne na karne. Hakuna kinyoo. Ile nyeupe ndefu inayovutika mkia ukikatwa ni mshipa wa kano tu. Kichaa cha mbwa ni kirusi, kinakaa kwenye mate, kinaingia kwa kung'atwa, kinasafiri taratibu ndani ya neva mpaka kwenye ubongo, na kikishafika huko dalili zikaanza, mbwa au mtu, karibu hakuna anayepona. Karibu watu wote duniani wanaokufa kwa kichaa wameupata kwa mbwa.

Kinachozuia ni chanjo. Mtoto wa mbwa akifikisha miezi mitatu achanjwe, arudiwe kila mwaka, mwenye mkia na asiye na mkia. Muulize afisa mifugo wa kata yako, na zingatieni mwezi wa tisa maana 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani na sehemu nyingi huwa kunakuwa na chanjo za pamoja. Na kwa kuwa wewe ni mwalimu naomba sana uwaambie watoto darasani: ukiumwa na mbwa, hata kama ni kakwaruzo, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, usipake mafuta taa, usipake majivu, usifunge, nenda hospitali siku ile ile ukachomwe sindano na umalize dozi zote. Watoto wanaficha kwa sababu wanaogopa kuchapwa kwamba walimchokoza mbwa. Waambieni hawatachapwa.

SWALI: Nimenunua mbwa mdogo aina ya boksa Makulu hapa, hana mkia. Muuzaji anasema kazaliwa hivyo hivyo. Nimeibiwa? (Mama wa Makulu)

JIBU: Mama, wapo mbwa wanaozaliwa na mkia mfupi kweli kwa sababu ya urithi, kama baadhi ya kogi wa Welsh na shepadi wa Australia. Boksa, rotwaila na dobamani hawamo kwenye hao kwa kawaida, wanazaliwa na mikia mirefu. Pitisha kidole taratibu kwenye ncha, ukikuta ngozi ngumu isiyo na manyoya, kovu, basi alikatwa. Mbwa mwenyewe hana kosa, mpende tu. Ila akiwa anajilamba hapo mara kwa mara au anastuka ukimgusa usimgombeze, mpeleke aangaliwe, inaweza kuwa ni ile nundu ya neva niliyomwambia ndugu yetu wa Nzuguni na ina matibabu. Na huyo muuzaji mwambie ukweli, ili anayefuata amuache mtoto wa mbwa na mkia wake.

SWALI: Mbwa wetu kagongwa na bodaboda Kibaigwa wiki iliyopita, mkia umevunjika katikati, chini ya hapo umekuwa mweusi unanuka na leo tumeona funza. Nimesoma mnavyopinga kukata sasa naogopa, tumuache hivi hivi? (Kijana wa Kibaigwa)

JIBU: Hapana mdogo wangu, huyo akatwe, na akatwe haraka. Ninachopinga ni kukata mkia usio na tatizo wa mbwa mwenye afya ili apendeze. Wa kwenu umeshakufa kuanzia pale ulipovunjika, weusi na harufu maana yake damu haifiki, na ukiachwa kuoza kutapanda mgongoni na kumuua. Hiyo ni tiba.

Usikate mwenyewe na usimruhusu mtu akate kwa panga au kufunga kamba. Daktari atamlaza kwa dawa, atakata juu ya sehemu iliyokufa kwenye maungio ya pingili, atashona ngozi, atampa dawa ya maumivu na antibayotiki. Leo muoshe kwa maji safi yenye chumvi kidogo, toa funza unaowaona kwa kibanio, usimwagie mafuta taa wala dawa ya kuogeshea ng'ombe, sumu inaingia kwenye damu kupitia kidonda. Mfunge kivulini nzi wasimfikie, ila ukimshika mfunge mdomo kwa kitambaa kwanza maana mwenye maumivu anang'ata hata bwana wake. Kama Kibaigwa hapo hampati daktari, uliza ofisi ya mifugo ya wilaya Kongwa wakuelekeze. Usiku wa leo asile kitu, maji anywe, na kesho asubuhi mapema awe mezani kwa daktari.